Programu huria zinahitaji watu wa Bukavu, si mafundi wa kompyuta peke yao

Mfano ni huu. Mama mmoja amekimbia Kalehe na watoto watano, amepokelewa na dada yake huku Kadutu. Anakuja kijana mwenye simu mkononi, anamuuliza: "Kaya yenu ina watu wangapi?" Neno kaya halisikiki sana katika mitaa ya Bukavu. Mama anafikiri anaulizwa habari ya nyumba. Anahesabu wote wanaolala chini ya bati lile: kumi na watatu. Kijana anaandika kaya moja, watu 13. Kumbe ni jamaa mbili, kila moja na chungu chake. Siku ya kugawa unga, turubai na sabuni, inatoka kadi moja tu, tena kwa jina la mwenye nyumba.

Hapo hakuna mwizi wala mwongo. Mama alijibu alichosikia, kijana akaandika alichojibiwa. Kosa ni la neno moja, na neno hilo moja linaweza kulaza jamaa nzima na njaa. Linalouma zaidi ni kwamba kosa la namna hiyo lingerekebishwa na mtu yeyote anayejua jinsi watu wanavyosema hapa, kabla simu haijafika mtaani. Ila huyo mtu hakuna aliyemwita.

Programu moja ambayo mashirika ya misaada duniani huitumia sana kuandikisha watu ni KoboToolbox. Kobo ni neno la Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, na maana yake ni kuhamisha. Imejengwa juu ya programu nyingine iitwayo ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Zote mbili ni programu huria. Maana yake, maandishi ya ndani yanayoiendesha programu yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuwapa wengine. Programu kama hizo zinaishi kwa wachangiaji: mmoja anaziba tundu, mwingine anatafsiri, mwingine anatoa habari kwamba mahali fulani panakwama.

Ni haki kutenganisha mambo mawili. Maneno ya programu yenyewe, kama "hifadhi", "tuma" au "rudi nyuma", hutafsiriwa na wachangiaji wake. Maswali, kama lile la kaya, hutungwa na shirika linaloitumia. Lakini ugonjwa ni mmoja. Mara nyingi wanaotunga na wanaotafsiri wako mbali na wanaoulizwa, na Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi kinahesabiwa kwamba kinatosha Bukavu.

Basi wachangiaji wanapatikana namna gani? Jibu moja lina jina la Kiswahili. Mwanzoni mwa Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh aliomba hadharani mafundi wa kompyuta wasaidie kitu kimoja: ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Hakuwaomba watu wajiunge na mradi mkubwa usiojulikana mwisho wake. Waliojitokeza, pamoja nao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waliitengeneza kwa siku chache, ikaitwa Ushahidi. Baadaye ikawa programu huria, na mwezi wa Novemba mwaka uleule ikatumika kukusanya habari za vita vya Kongo mashariki.

Funzo kubwa zaidi lilitoka Haiti. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010, watu walituma ujumbe wa simu kwa namba fupi 4636, na habari zao zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi. Ujumbe mwingi uliandikwa kwa Kikrioli, lugha ambayo waokoaji wengi wa kutoka nje hawakuijua. Mamia ya Wahaiti waliokuwa katika nchi nyingine walikaa mbele ya kompyuta, wakatafsiri na kueleza mtaa unaotajwa uko upande gani. Si lazima mtu awe fundi wa kompyuta kufanya kazi hiyo. Walichohitaji ni kujua lugha na kujua njia.

Walikuja kwa sababu kazi ilikuwa ndogo, ilieleweka, waliijua tayari, na faida yake iliwaendea ndugu zao. Bukavu inaelewa jambo hili bila kufundishwa. Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa ya lazima, na wengi waliikwepa walivyoweza. Lakini mvua ikikata njia ya mtaa, watu hutoka na majembe hata kabla shefu wa avenii hajasema neno, kwa sababu watoto wao wanapita pale kwenda shule. Jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa njia ni yao.

Kwa hiyo miradi inayotafuta wachangiaji Kongo ianze kwa kubadili mwito wake. "Karibuni nyote mchangie" haimwiti mtu. "Tunatafuta mtu wa Kabare na mtu wa Kalehe wasome sentensi hizi ishirini, waseme wapi hawaelewi" inamwita mtu. "Tunatafuta mwenye simu ya zamani aijaribu programu hii siku nzima bila mtandao, aseme inakwama wapi" nayo inamwita mtu. Mwito huo utolewe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, upite redioni na vyuoni, usikae kwa Kiingereza peke yake. Na anayeleta sahihisho lake la kwanza ajibiwe upesi, hata kama halikukubaliwa. Kijana aliyenunua mega kwa pesa ya mfukoni ili atume sahihisho, akakaa mwezi bila jibu, harudi tena. Na wenzake atawaambia.

Hapa watu wa Bukavu watauliza swali mara moja, na wana haki: sahihisho linaliwa? Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, benki zilifungwa na kazi nyingi zilisimama. Kumwambia mtu anayelala chini ya turubai afanye kazi ya bure kwa ajili ya programu inayotumiwa na mashirika yenye bajeti ni kumdhihaki. Mpaka uwekwe wazi. Saa moja ya kusahihisha maneno ni salongo. Wiki nzima ya kutafsiri ni kazi, na kazi ina malipo. Shirika linalotumia programu huria halilipi leseni kama lile linalonunua programu ya kampuni. Sehemu ya pesa linayookoa ilipe mega, usafiri na siku za watu wa hapa.

Mpaka wa pili ni usalama. Programu kuwa wazi si sawa na habari za watu kuwa wazi. Maandishi ya programu yanaweza kusomwa na dunia nzima, lakini jina la aliyekimbia vita, namba yake ya simu na mahali anapolala havimhusu kila mtu. Anayeitwa kuchangia maneno aombwe maneno tu. Akiombwa orodha ya majirani, hilo ni jambo lingine kabisa, na akatae.

Vijana nao wana sehemu yao. Mwanafunzi wa informatiki anayesubiri amalize masomo na ajue Kiingereza chote kwanza, anajichelewesha. Katika mradi huria kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, au jina la kupanga kama anaogopa kujulikana. Siku anapotafuta kazi, iwe Bukavu, Kigali au Nairobi, anaonyesha kazi iliyokwisha kufanyika na kukubaliwa, zaidi ya karatasi ya shule. Lakini mlango si wa wanafunzi peke yao. Fundi wa simu pale Nyawera anajua kwa nini simu za bei ndogo hujaa na kukwama. Mwalimu wa shule ya msingi anajua sentensi gani watoto na wazee wanaielewa kwa kusikia mara moja. Na mama aliyekwisha kuandikishwa mara tatu katika kambi tatu anajua swali gani huwachanganya watu, kuliko aliyelitunga.

Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika kuliko wote. Yeye anahesabiwa kama mtu wa kujibu, si mtu wa kusahihisha. Mradi unaosema uko wazi kwa wote, na shirika linaloutumia, ujulikane kwa jambo hilo: je, aliyeulizwa anaweza kusema kwamba swali ni baya, na neno lake likafika kwa mwenye kulibadili?

Yule mama wa Kalehe angeulizwa, "Ni watu wangapi mnakula nao chungu kimoja?", angejibu sita bila kusita. Dada yake angejibu saba. Zingetoka kadi mbili. Kuandika swali hilo upya ni kazi ya dakika chache. Kinachohitajika ni mtu wa Kadutu aulizwe mapema, na akisema, asikilizwe.