Mashua Kuukuu na Msamiati Uliosahaulika

Aghalabu mtahiniwa wa Kiswahili huikariri methali isemayo "Hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani" pasi na kujua tezi ni nini, omo ni ipi, wala ngama iko wapi. Hueleza kwamba yahusu mtu kurudi kwao, naye hupata alama zake. Kisingizio kinachotolewa ni kuwa majahazi yamepungua, hivyo lugha yake haina budi kuondoka nayo.

Hoja hiyo haina mashiko. Chukua mfano wa Triton, mashua ya tanga ambayo kampuni ya Pearson ya Rhode Island, Marekani, ilianza kuiuza mwaka 1959. Ni miongoni mwa mashua za kwanza za faibaglasi za ukubwa wake kuundwa kwa wingi. Urefu wake haufiki mita 9, nayo huzama majini kiasi cha mita 1.2 tu, kwa hiyo yaweza kuambaa pwani na kuingia hori ambamo chombo kikubwa kingepanda mwamba. Haihitaji kalafati. Baadhi ya Triton zingali zinasafiri. Moja, iitwayo Atom, imekwisha kuizunguka dunia mara mbili.

Anayenunua mashua kuukuu kama hiyo haogopi ubavu kuoza. Na aiogope sitaha! Baina ya matabaka mawili ya faibaglasi mlitiwa mbao nyepesi, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu, mbao hizo huoza kimyakimya. Fundi huigongagonga sitaha kwa nyundo ndogo, akitega sikio asikie palipo na mlio mzito.

Je, ni kiungo gani cha mashua hii kilichokosa jina la Kiswahili? Ina mkuku, usukani, mlingoti, henza ya kupandishia tanga, tezi, omo, na ngama yanamokusanyika maji. Upepo uvumapo, ina joshi na demani sawa na jahazi lolote la Lamu. Foromali pekee ndiyo haimo. Faibaglasi ni neno la mkopo, naam, lakini hata jahazi lenyewe ni neno la Kiarabu.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinavyoandaa ziara za pwani vingefanya vyema kutenga nusu siku kule Kilifi, ambako mashua za namna hii hutia nanga horini, mwanafunzi akaishika henza kwa mkono wake na kuulizwa joshi ni upande upi.