Fremu Kuukuu Zisitupwe: Mapambo na Zawadi kwa Mikono Yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ndugu wasomaji, mwezi wa Shaabani ni mwezi wa kuandaa nyoyo, na katika nyumba zetu nyingi ni mwezi wa kuandaa nyumba pia. Makabati husogezwa, mapazia hufuliwa, na chini ya vitanda hutoka vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuwa vipo. Miongoni mwa vitu hivyo hazikosekani fremu za picha: moja imepasuka kioo, nyingine imepoteza kulabu, ya tatu ni nzima lakini picha iliyokuwamo imeshaondolewa. Aghalabu zote huishia jalalani.

Wiki hii tunaomba zisitupwe. Fremu ya mbao ni kazi ya seremala iliyokwisha kulipiwa, na ndani yake mna zawadi ya Idi, ya arusi au ya mwanafunzi wa madrasa, kwa gharama ndogo sana.

Funzo la pazia la Bibi Aisha

Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kuwa Bibi Aisha (RA) alitundika pazia lenye picha nyumbani kwake. Mtume (SAW) aliporudi kutoka safarini hakupendezwa nalo, akaliondoa. Bibi Aisha anaeleza kuwa kitambaa kile walikifanya mto mmoja au miwili ya kuegemea.

Wanavyuoni wetu huitaja hadithi hii wanapozungumzia hukumu ya picha, na kuhusu picha za kamera wa sasa wamekhitalifiana. Kila familia na imuulize mwanachuoni inayemwamini. Sisi tunapenda kuangalia mwisho wake. Kitu kisichofaa ukutani hakikutupwa. Kilikatwa, kikashonwa, kikapata kazi nyingine katika nyumba ileile. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, tumekatazwa ubadhirifu, na wabadhirifu wakatajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Fremu ni kitu kidogo, lakini mtoto anayeona kitu kidogo kikihifadhiwa hujifunza kuhifadhi na kikubwa.

Kabla ya kuanza

Itoeni picha kwanza, na itoeni kwa adabu. Ikiwa ni picha ya marehemu au ya ndugu wa pamoja, mmoja asiamue peke yake. Iwekwe kwenye bahasha mpaka wenyewe waulizwe. Katika miji ya pwani yenye unyevu, picha ya miaka mingi huganda kwenye kioo. Isivutwe kwa nguvu, kwani rangi itabaki kwenye kioo na karatasi itatoka tupu. Iacheni picha pamoja na kioo chake, mfunge kwa kitambaa safi, kisha mtafute kioo kingine kwa ajili ya fremu.

Itazameni mbao yenyewe. Ikiwa ina vitundu vidogo na inadondosha unga laini, ina wadudu watoboao mbao. Isiwekwe karibu na samani nyingine. Ikiwa ni nzima, ifuteni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha muiache ikauke kivulini.

Jambo la usalama lisipuuzwe. Rangi za mafuta za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Fremu yenye rangi kuukuu inayobanduka isipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba. Isuguliwe nje, kwa msasa uliolowanishwa, watoto na mama wajawazito wakiwa mbali. Au ivikwe kitambaa bila kusuguliwa kabisa. Kioo kilichovunjika kifungwe kwa karatasi nene kabla ya kutupwa, kwa ajili ya mikono ya mzoa taka.

Kioo kizima husafishika vizuri kwa maji yenye siki kidogo na karatasi ya gazeti. Hapa tunawaomba wasomaji wetu jambo moja: lisiwe gazeti hili, wala jingine lolote lenye aya za Qur'ani au jina la Allah.

Ubao wa swala na hifdhi

Hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na mtoto wa miaka saba anaweza kuifanya akiwa pamoja na mama yake. Chukueni fremu yenye kioo kizima. Nyuma ya kioo wekeni karatasi nyeupe iliyopigwa mistari kwa rula: safu tano za swala, na siku saba za wiki. Rudishieni ubao wa nyuma. Sasa kioo ni ubao wa kuandikia. Kalamu ya wino wa ubao mweupe huandika juu yake, na kitambaa kikavu hufuta.

Nyakati za swala huandikwa upya kila Ijumaa. Mtoto hutia alama mwenyewe kila anaposwali. Katika fremu ya pili andikeni jina la sura anayohifadhi na idadi ya aya alizofikia. Faida yake tumeiona: mzazi hana haja ya kuuliza kwa ukali, na mtoto hana haja ya kujitetea, kwa kuwa ubao umeshasema. Itundikeni kwa kimo cha macho ya mtoto, si ya baba.

Kanga ya mama ndani ya fremu

Katika kazi za leo, hii ndiyo tunayoithamini zaidi, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Kanga ina pindo zake, ina mji wake katikati, na ina jina lake. Kanga iliyovaliwa miaka mingi huchakaa mji kwanza. Pindo mara nyingi hubaki na nguvu na rangi. Kipande cha pindo, hasa pembe zinapokutana, hupendeza sana ndani ya fremu ya sentimita 20 kwa 25. Mkitaka kuonesha jina, tafuteni fremu ndefu na nyembamba, kwa sababu maneno ya kanga hutandaa kwa upana na hayaingii katika fremu ya kawaida bila kukatwa. Tena lisomeni jina vizuri. Kanga nyingine zilinunuliwa kwa ajili ya kijembe, na kijembe kilichowekwa kwenye fremu na kupelekwa kwa mkwe kitaleta mazungumzo marefu.

Fueni kipande, kikaushwe, kipigwe pasi. Kateni kadibodi iingie ndani ya fremu kwa ulegevu kidogo, kwa sababu kitambaa kitaongeza unene. Kipande cha kanga kiwe kikubwa kuliko kadibodi kwa sentimita tatu kila upande. Kilazeni kifudifudi, kadibodi juu yake, kisha kunjeni kingo kwa nyuma na mzigandishe kwa gundi nyeupe, mkianza na pande mbili zinazotazamana. Pembe zikunjwe kama mnavyokunja shuka ya kitanda. Wekeni kitabu kizito juu yake usiku kucha. Kisiwe Msahafu, Msahafu haugeuzwi jiwe la kukandamizia.

Sasa tufike kwenye uangalifu tulioutaja. Nyumba nyingi zina kanga za mama au bibi aliyetangulia mbele ya haki, na ndugu hawajui wazifanye nini. Kanga moja inaweza kutoa vipande vya fremu nne au tano, kila mtoto akapata chake. Ni ukumbusho mwema, hasa kwa familia isiyopenda kutundika picha za watu: anayepita hukumbuka kumwombea dua aliyeivaa. Lakini nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi. Hata kanga ya bei ndogo ina wenyewe, nao ni warithi wote kwa pamoja. Binti aliyemuuguza mama si mmiliki wa sanduku lake kwa sababu tu ufunguo uko mkononi mwake. Wote waulizwe kabla ya mkasi kupita, aliye karibu na aliye Muscat au London. Na ikiwa miongoni mwa warithi yumo yatima ambaye hajabaleghe, fungu lake haligawiwi kwa ukarimu wa wakubwa. Aulizwe mwanachuoni namna ya kulitimiza kwanza.

Tunasisitiza hili kwa sababu undugu umewahi kuvunjika kwa vitu vidogo kuliko kanga. Iliyokatwa kwa ridhaa huwakusanya watoto. Iliyokatwa kwa siri huwatawanya, hata ikiwa imepambwa vizuri.

Trei ya futari

Fremu nene ya mbao, ya kiasi cha sentimita 30 kwa 40, hugeuka trei nzuri ya tende na vikombe vya kahawa. Kioo kiondolewe, si salama kubebea vitu vya moto juu ya kioo cha picha, ambacho ni chembamba. Mahali pake mwombeni seremala awakatie kipande cha plaiwudi. Kigandisheni kwa gundi ya mbao kwa nyuma, kisha kipigiliwe misumari midogo kila baada ya sentimita tano. Gundi ikauke usiku mzima. Pakeni vanishi mikono miwili, kila mkono ukauke kabla ya mwingine, na kwenye pande fupi fungeni vishikio viwili vya droo kwa skrubu. Ijaribuni kwanza kwa chupa za maji kabla ya kuiaminia kahawa ya wageni.

Kwa pini za hijabu na hereni

Fremu iliyopoteza kioo inafaa sana kwa msichana. Kateni wavu wa dirishani kwa kipimo cha fremu, mvute uwe umekaza, mgongomelee kwa nyuma kwa misumari midogo. Hereni huning'inia kwenye matundu, na pini za hijabu huchomekwa pembeni, mbali na sakafu anakotambaa mdogo wao. Kwenye ubao wa chini wa fremu kulabu tatu za vikombe zitabeba bangili na tasbihi.

Tukitaka kuandika dua

Wasomaji watapenda kuweka dua au aya iliyoandikwa na mtoto wao. Ni jambo la kheri, lakini lina masharti. Maandishi yapitiwe na ustadhi kabla ya kufungiwa kwenye fremu, kwani nukta moja au irabu moja hubadili maana. Yasitundikwe karibu na choo, wala chini kwenye njia ya miguu. Kulabu iwe imara ili yasianguke. Wako wanavyuoni wasiopendelea aya kufanywa pambo la ukuta. Kwa anayeshika kauli hiyo, dua ya kuingia nyumbani karibu na mlango, au ya kula karibu na meza, huwa ni somo kabla ya kuwa pambo. Mtoto anaijifunza, mgeni anakumbushwa.

Zawadi isiyoleta deni

Mtume (SAW) alihimiza tupeane zawadi ili tupendane. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, aliwaelekea wanawake wa Kiislamu akawaasa kuwa jirani asidharau cha kumpa jirani yake, hata kikiwa ni ukwato wa kondoo. Mafundisho haya yanatuhusu leo kuliko tunavyokiri. Wako mama wanaokopa ili wasionekane wanyonge kwenye arusi ya wifi. Wako wanaoacha kabisa kwenda kumtembelea mzazi wa jirani aliyejifungua, kwa kuwa hawana cha kushika mkononi. Zawadi iliyokusudiwa kuunganisha imekuwa ukuta.

Anayepeleka fremu aliyoitengeneza mwenyewe apeleke kichwa chake kikiwa juu. Na anayepokea aipokee kwa uso mkunjufu, aitundike pale ambapo aliyeleta ataiona akija tena. Wajibu huu wa pili ni mzito zaidi. Tukiwacheka wenye zawadi ndogo, tutawafundisha watu wetu kukopa.

Basi wiki hii, kabla gari la taka halijapita, kila nyumba ichague fremu moja tu. Watoto waitwe, gundi inunuliwe, na kazi ifanyike kati ya Alasiri na Magharibi. Ramadhani itakapoingia, inshaallah, kutakuwa na trei moja ya tende isiyonunuliwa dukani, na ubao mmoja ukutani unaosubiri alama ya swala ya kwanza.

Allah (SW) atutie baraka katika tulivyo navyo, atuepushe na ubadhirifu na kujionesha, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na undugu wetu ukiwa mzima. Amin.

Wabillahi tawfiq.