Soko la nje si hospitali ya viwanda

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yafaa ibandikwe mlangoni mwa kila kiwanda ambacho wakuu wake, msimu wa bajeti unapokaribia, hupiga hodi Hazina wakidai msamaha wa kodi, kwa hoja kwamba wakishaanza kuuza nje ushindani wa huko utawafundisha kazi. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini ni ya hatari kwa nchi maskini.

Ushahidi uko Morogoro. Katika miaka ya 1970 kilijengwa mjini humo kiwanda cha viatu kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Mitambo ilikuwa ya kisasa, na mpango ulisema kwamba sehemu kubwa ya viatu vyake ingeuzwa Ulaya. Lakini jengo lilikuwa la kuta za alumini, halina mfumo wa kupitisha hewa, katika nchi ya joto. Kiwanda hicho hakikupata kamwe kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Soko la Ulaya lililoandikwa katika mpango halikukiokoa, na aliyekuwa amekopa ni taifa zima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu viwanda vya Kolombia, Meksiko na Moroko ulionyesha kwamba viwanda vilivyouza nje vilikuwa na ufanisi mkubwa kabla ya kuanza kuuza huko. Sababu yake haihitaji shahada kuielewa. Kabla ya kupata senti moja ya fedha za kigeni, kiwanda hugharamia kumtafuta mteja, kutimiza viwango vyake, kufungasha na kusafirisha. Mzigo huo huubeba yule tu ambaye gharama ya kila kipande anachotengeneza ni ndogo. Tija ndiyo nauli ya safari hiyo.

Wapo watakaopinga, nao wana lao la kusema. Utafiti wa mwaka 2004 uliohusu Kameruni, Kenya, Ghana na Zimbabwe ulionyesha kwamba kuuza nje kuliongeza ufanisi wa viwanda. Na katika mji wa Fowa, Misri, wafumaji wa mazulia walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa oda za wateja wa nchi tajiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha faida yao imepanda kwa asilimia 16 hadi 26, na mazulia yao yakawa bora zaidi. Mteja wa mbali, basi, hufundisha. Lakini alimfundisha nani? Alimfundisha fundi aliyekwisha kuijua kazi yake, akamwonyesha kasoro na kumpa nafasi ya kuirekebisha. Huwezi kumfundisha mbio mtu ambaye hajasimama.

Wala tija isitafsiriwe kuwa ni kumkamua mfanyakazi jasho. Mfanyakazi hawezi kufuma kitambaa kwa mtambo unaosubiri vipuri, wala kushona gizani umeme ukikatika. Meneja asiyejua mitambo yake imesimama saa ngapi kwa wiki hana haki ya kumwita mwenziwe mvivu.

Anayelipia uzembe huo ni mkulima. Sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na korosho za Mtwara imekuwa ikivuka bahari ikiwa ghafi, na kazi ya kuzisindika ikawa riziki ya watu wa nchi nyingine. Kila kodi inayosamehewa kiwanda kizembe ni zahanati au barabara ambayo mkulima huyo ameikosa.

Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje ilitoa msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10. Korea Kusini katika miaka ya 1960 nayo ilisaidia viwanda vyake kwa mikopo nafuu, lakini ilidai matokeo. Hapo ndipo penye somo. Kila anayeomba msamaha aulizwe hadharani: kila mfanyakazi anazalisha mita ngapi? Bidhaa ngapi zimerudishwa kwa ubovu? Mitambo imelala siku ngapi? Kiwanda chenye majibu yanayopanda mwaka hadi mwaka kitafutiwe mteja hata ng'ambo ya bahari. Kisicho na majibu kifunge mdomo, kikarekebishe nyumba yake kwanza.