Habari za maziwa na rubisi nazo ni historia

Na Adella Kamugisha

Kijana wa Nyabiyonza akiulizia Karagwe ya kale huelekezwa kwa wafalme. Ataambiwa atafute kitabu cha mwanahistoria Israel Katoke cha 1975, kazi nzito na ya maana, ila ni cha Kiingereza, tena ni historia ya ufalme. Mimi hutaka kujua watu walikula nini.

Mwingereza John Speke alifika kwa mfalme wa Karagwe, Omukama Rumanyika, mwaka 1861 akitafuta chanzo cha Nile. Katika kitabu chake cha 1863, mto naurukia. Nasoma alivyomtembelea shemeji wa mfalme, mama aliyenenepeshwa kwa maziwa hata asiweze kusimama ila kwa mikono na miguu, maana unene ndio uliokuwa urembo wa wakubwa. Binti yake wa miaka 16 yuko hapo ananyonya chungu cha maziwa, baba kashika fimbo asije akaacha. Mgeni akaomba kumpima mama. Akakubaliwa, kwa ahadi kwamba naye angeonyesha mikono na miguu yake mitupu. (Sijui nani alicheka zaidi.)

Speke aliandika kwa sababu kwake yalikuwa maajabu. Mwenyeji haoni ajabu ndani mwake. Hata Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetuachia kitabu cha desturi za Waswahili tangu mimba na jando hadi ndoa na ngoma, aliulizwa kwanza na Mjerumani, Carl Velten, aliyekitoa kitabu mwaka 1903. Raha yake ni kwamba majibu ni ya mwenye desturi, kwa Kiswahili chake.

Kwetu muulizaji sasa ni mjukuu. Anajua bia ya chupa. Hajui rubisi, pombe yetu ya ndizi: jinsi ndizi zilivyofukiwa shimoni ziive, zikakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Bibi anajua yote hayo, hata nani alionjeshwa kwanza.

Walimu, wapeni watoto daftari. Wawaulize bibi zao, waandike kwa Kinyambo, lugha yetu, kama maneno yanavyotoka, Kiswahili kitafuata. Mimi naomba waanze na senene, wale panzi wa kuliwa: zamani wanawake ndio waliowakusanya, wanaume ndio waliowala. Nataka jina la bibi wa kwanza kuonja kwa siri, na alivyojitetea aliponaswa.