Laptopu Yako Imelala, Ama Imefunga Macho Tu?

Wasee wa Meru na Embu, leo tuongee kuhusu usingizi. Si wako, wa laptopu.

Unafunga kifuniko ukiwa Embu, betri iko asilimia 80. Unaiweka kwa begi, unapanda matatu, mnapita Runyenjes, Chuka, Nkubu. Ukifika Meru unashika begi, liko moto. Unafungua mashine, chaji imebaki nusu. Hapo kila mtu analaumu betri: "Hizi za ex-UK ni noma!" Mimi nasema betri nyingi zinasingiziwa. Kuna programu iliamsha hiyo laptopu njiani, na haikukuuliza.

Iko hivi. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo ambayo hailali. Moyo wake ni kijiwe cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kwa usingizi wa zamani, unaoitwa S3, prosesa inazimwa na RAM inapewa moto kidogo tu ili isisahau kazi yako. Ile saa ndogo inabaki macho kama askari wa usiku. Programu ikitaka kuamka saa nane usiku, inamwachia askari kengele, halafu inalala.

Usingizi mpya, S0, uliokuja na Windows 8 mwaka 2012, ni tofauti. Mashine inasinzia, inashtuka, inaangalia barua pepe, inasinzia tena. Ni kama mtu aliyetafuna miraa halafu akazima taa: giza liko, usingizi hakuna. Na ikishtuka ndani ya begi lisilo na hewa, joto linapanda, na joto ndilo adui wa betri.

Sipingi kengele. Ukiseti simu ikuamshe saa kumi na nusu alfajiri uwahi matatu ya kwanza, lazima ilie. Android iliona hili mapema. Tangu toleo la 6.0 mwaka 2015, simu ikilala bila kuguswa, kazi za programu zinawekwa pamoja na kungojeshwa, lakini kengele uliyoseti wewe inalia kwa wakati wake. Huo ndio mpango ninaotaka kwa laptopu pia: mwenye mashine kwanza, programu zingoje foleni.

Kuna wenye watasema apdeti za usalama ni muhimu. Ni kweli kabisa. Lakini zifanyike mashine ikiwa kwa chaji, mwenyewe akijua. Mahali stima inaweza kupotea jioni yote, hiyo chaji iliyoliwa kwa begi ndiyo ilikuwa ya kumaliza kazi unayopeleka kesho asubuhi. Mtengenezaji anayeishi mahali umeme haupotei halipi hiyo gharama. Unalipa wewe.

Sasa fanya hivi. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /a. Utaona kama mashine yako inalala kwa S3 ama S0. Kisha fungua lile dirisha kama msimamizi, uandike powercfg /waketimers, uone ni programu gani imeacha kengele. Ukienda kwa mipangilio ya umeme ukute Allow wake timers, izime upande wa betri. Na ukisafiri, usifunge kifuniko tu ukaamini. Tumia Hibernate, ambayo inaandika kazi yako kwa diski kisha inazima mashine, ama uizime kabisa.

Na wewe unayetafuta laptopu mjini: tunauliza RAM ni ngapi, diski ni kubwa aje, rangi iko fiti. Hakuna anayeuliza inalala aje. Kabla utoe pesa, mwambie muuzaji aiwashe, uandike ile amri ya kwanza hapo hapo dukani. Haimalizi hata dakika, na utajua kama unanunua mashine inayojua kulala ama inayofunga macho tu.