LAMU: MGENI NI NANI, MWENYEJI NI NANI?

Mwaka huu Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda Lamu kwa Maulidi ya Mfungo Sita. Tulikuwa watu 22, wanaume kwa wanawake, tuliotoka Mombasa kwa basi moja, tukapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na njiani kila kwenye kizuizi tukishushwa kuonyesha vitambulisho. Kutoka Mokowe tukavuka kwa mashua, na adhana ya magharibi ikatukuta ndipo kwanza twatua mizigo.

Habari za Maulidi yenyewe, za matari na goma na umati unaofurika uwanja wa Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Saleh, wasomaji wa ukurasa huu wazijua, na wengi wenu mlikuwako. Ninalotaka kulizungumza ni nyumba tuliyolala.

Ilikuwa Mkomani, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Ukiingia wapita daka lenye baraza mbili, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, halafu msana na ndani, na ukutani zidaka zimepangwa safu kwa safu, chokaa yake nyeupe kama iliyopakwa jana. Wanawake wakapewa ghorofa ya juu, sisi tukakaa chini. Mmoja wetu, mtu wa utani, alisema kuwa leo amekuwa sharifu wa Amu. Tulicheka. Kodi alikuwa ameilipa kiongozi wa safari yetu kwa simu, wiki mbili kabla, katika akaunti ambayo hakujua ni ya nani.

Siku ya pili nikakaa barazani na mtunza nyumba, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Nilimwuliza mwenye nyumba ni nani. Akanijibu kuwa ni Mzungu, huja mwezi wa Disemba akakaa hadi Januari, na pengine mwezi wa Agosti. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini: "Nyumba hini mamangu mezaliwa ndani yake."

Tangu hapo sikuweza tena kulala vyema ndani ya nyumba ile.

Sisi watu wa pwani tukizungumza juu ya watalii, mara nyingi twazungumza juu ya nguo. Siku ile ile lilipita kundi la wageni kutoka Ulaya, kumi na kitu hivi, wakiongozwa na kijana mwenye kofia ya kiua, na wawili kati yao walikuwa na kaptura fupi mbele ya mlango wa msikiti. Wazee wa barazani waliinamisha macho. Ni aibu, wala sisemi si kitu. Lakini wale walipita. Walisalimu "jambo", wakapiga picha ya punda, wakaenda zao, na kesho yake walikuwa wamekwisha kuondoka. Kaptura haihamishi mtu kwake. Na tukisema kweli, sisi wa Maulidi tulimaliza maji ya birika siku ya tatu, tukawapiga picha watoto wa watu bila ya kuomba ruhusa.

Yafaa tuulize nyumba hizi zimetokaje mikononi mwa wenyewe, maana hakuna aliyenyang'anywa. Zimeuzwa, tena kwa hati na mashahidi.

Tuchukue mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa hisabu ya mirathi nyumba yake ni mafungu 8: mke fungu 1, kila mwana wa kiume mafungu 2, kila binti fungu 1. Hapo bado ni jambo jepesi. Lakini mwana mmoja yuko Mombasa, wa pili Jeddah, binti mmoja ameolewa Muscat, naye kaka wa Mombasa amekufa ameacha watoto sita. Mafungu sasa yamekuwa vipande, na hakuna mwenye kipande kinachomtosha yeye kulala wala kinachompa ari ya kutengeneza dari inayovuja. Kila mvua, boriti zaoza. Siku anapotokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, warithi wote husaini kwa siku moja, na wa Jeddah hutuma wakala.

Jambo la pili ni heshima tuliyopewa. Mwaka 1986 serikali iliutangaza mji wa kale kuwa wa kuhifadhiwa, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini nyumba ya urithi haitengenezwi kwa simenti na mabati. Yataka mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko na fundi anayejua kazi ya zidaka, na mafundi wa namna hiyo ujira wao si mdogo. Mjane mwenye fungu moja kati ya manane atazitoa wapi fedha hizo? Sheria inamkataza kuiharibu nyumba yake, wala haimpi cha kuitengenezea. Kwa hivyo anayeweza kuitii sheria ni tajiri, na tajiri katoka mbali.

Hapa sharti niwe mwadilifu. Nyumba ile tuliyolala, kwa maelezo ya mtunzaji, ilikuwa imeanguka upande wa kibla, na popo ndio waliokuwa wakikaa msana wa juu. Mzungu yule aliisimamisha, akawapa mafundi wa Amu kazi ya mwaka mzima. Asingeinunua yeye, huenda leo pangekuwa gofu. Najua pia kuwa Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi kwa muda usiopita miaka 99. Sawa, lakini miaka 99 ni mingi kuliko umri wa yeyote aliyekuwa akikaa baraza ile.

Hasara yenyewe niliiona alfajiri. Msikiti ulio karibu nasi ni wa zamani, safi, una maji. Siku za Maulidi ulijaa kwa sababu yetu sisi wageni. Siku ya sita, watu wengi walipokwisha kuondoka, tulisali nyuma ya imamu safu moja, nayo haikutimia. Nilipotoka nikahesabu milango ya uchochoro ule: minane, na mitano ina kufuli. Jirani wa kugongewa usiku mtoto akishikwa na homa, au wa kubeba jeneza, amehamia Wiyoni au Kashmiri, katika nyumba ya matofali aliyoijenga kwa fedha za mauzo. Wala simlaumu. Lakini zamani baba wa Amu akimwoza binti yake alimpa nyumba, au humwongezea ghorofa, au humjengea wikio juu ya njia, na mume ndiye aliyemfuata mke kwake. Nyumba ilikuwa ngome ya mwanamke. Binti wa leo aolewa katika chumba cha kupanga.

Na mgeni naye si wa kutegemewa. Mwaka 2011, mwezi wa Septemba, mtalii alitekwa nyara Kiwayu na mumewe akauawa, na mwezi uliofuata mwanamke mwingine akachukuliwa Manda. Mwaka 2014 ukaja msiba wa Mpeketoni na amri ya kutotoka nje usiku. Wageni walitoweka, na vijana waliozoea kuishi kwa mashua za matembezi walikaa bure. Kufuli za Mkomani hazikufunguliwa kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nauliza: fedha zetu watu 22 zilimponya nani? Mtunzaji alipata mshahara wake wa mwezi, ule ule. Mama muuza mahamri alipata. Kodi yenyewe ilivuka bahari kabla sisi hatujavuka Mokowe.

Wapo wanaosema dawa ni wakfu, maana mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Rai hii naikubali nusu. Wakfu usio na fedha za kuutengeneza nao huanguka, na magofu ya wakfu yako hata Mombasa. Lililo jepesi zaidi ni warithi kukubaliana wakodishe badala ya kuuza: mtu aitengeneze, aikae miaka 15 au 20, kisha airudishe kwa watoto wa wenyewe. Hilo lataka warithi wakae kikao kimoja kabla boriti hazijaoza, na mtu wa kuwaita awe kadhi, au imamu wa mtaa, au mzee yeyote ambaye simu yake yapokewa Jeddah.

Tulipoondoka, mtunzaji alifagia kiwanda, akafunga dirisha moja baada ya moja, akavuta mlango na kutia kufuli. Ufunguo aliutia katika pete pamoja na nyingine. Nilimwuliza ni za nyumba ngapi. Akasema tisa. Na yeye mwenyewe akaa wapi? Akanionyesha kwa kidevu, kule nyuma, mbali na bahari, akatuchukulia mizigo mpaka gatini.