Afrormosia ipimwe hapa kwetu

Ubao ukishapasuliwa, hauna tena jani wala ganda. Mnunuzi anabaki na karatasi tu, na karatasi inaweza kudanganya. Afrormosia ya misitu yetu ya Tshopo inalindwa na mkataba wa CITES tangu 1992. Kuitambua, kijipande kinatosha: mashini ya spektrometa hugeuza kemikali zake kuwa ayoni na kuzipanga kwa uzito, nyingine huzitenganisha hata kwa umbo. Ila utafiti uliopima afrormosia kwa uzito huo ulitumia vipande vilivyotunzwa Tervuren, Ubelgiji, na mashini ya Marekani. Na mti ni wetu! Yangambi kuna maabara ya mbao, Chuo Kikuu cha Kisangani kina vijana. Kodi ya mbao inunue mashini moja, na kwanza kabisa umeme usiokatika-katika wa kuiendesha.